Kufundisha Kusoma na Kuandika Kiingereza Darasa la Tatu hadi la Tano: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mpe mtoto wa Darasa la Tatu anayesoma Kiswahili bila shida sentensi hii: "My name is Asha and I like cake." Mara nyingi atasoma "mi na-me is Asha, i li-ke ka-ke". Wenzake watacheka, na mwalimu aliyechoka atamwambia akae chini. Lakini mtoto huyo ametumia vizuri kabisa kanuni aliyofundishwa Darasa la Kwanza: kila herufi ina sauti yake, kila irabu husomwa, neno hukatwa kwa silabi. Katika Kiswahili kanuni hiyo haimwangushi. Katika Kiingereza inamwangusha kwenye neno la kwanza tu.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule ya msingi ya Tanzania ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo mojawapo, darasa lina watoto wengi, na kitabu kimoja kinasomwa na watoto watatu au zaidi. Nazungumzia Darasa la Tatu hadi la Tano kwa sababu huo ndio wakati wa kujenga. Sekondari inakuja, na huko karibu kila somo liko kwa Kiingereza. Mtoto anayefika Darasa la Sita bila kuweza kusoma aya moja ana muda mdogo sana wa kufidia.

Msimamo wangu ni huu: mtoto anayejua kusoma Kiswahili ana nusu ya kazi mkononi tayari. Tumwonyeshe mahali kanuni yake inaposhika na mahali inapoachia, kisha tumfanye aandike sentensi zake mwenyewe mapema. Kunakili ubaoni mwaka mzima hakumfundishi kuandika.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufundisha

Wiki ya kwanza ya muhula usikimbilie kitabu. Andaa karatasi moja yenye sehemu nne: herufi kumi, maneno kumi mafupi kama "dog", "hand" na "water", aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Ngazi hizi za herufi, neno, aya na hadithi ndizo zilizotumika pia katika tathmini za Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, nchini Tanzania, Kenya na Uganda, na uzuri wake ni kwamba hazihitaji vifaa wala fomu ndefu. Wakati wengine wanafanya zoezi, ita mtoto mmoja mmoja mezani. Anza na aya. Akisoma bila kukwama sana, mpe hadithi. Akishindwa, rudi kwenye maneno, kisha herufi. Dakika mbili kwa mtoto zinatosha.

Pembeni uwe na aya ya Kiswahili pia. Hili wengi hulisahau, nami nalisisitiza: mtoto asiyeweza kusoma aya ya Kiswahili afundishwe kwanza kusoma Kiswahili, hata kama yuko Darasa la Nne. Kumsukumia Kiingereza wakati hajaelewa kwamba herufi hubeba sauti ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Mtenge muda wake, hata robo saa kabla ya mstari wa asubuhi, mpaka aimarike.

Andika matokeo kwenye daftari lako: jina, ngazi ya Kiswahili, ngazi ya Kiingereza. Utakuwa na makundi matatu au manne. Makundi haya yatumie kwa sehemu ya kipindi tu. Muda mwingine watoto wakae pamoja. Na kundi la chini lisiitwe jina la kudhalilisha. Waite Twiga, Pundamilia, Swala.

Hatua ya 2: Sikio na mdomo kwanza

Mtoto hawezi kusoma kwa maana neno ambalo hajawahi kulisikia. Kwa hiyo kila kipindi kianze na dakika chache za kusikia na kusema, vitabu vikiwa vimefungwa. Amri rahisi zinafaa sana: "Stand up", "Touch the door", "Give me your pencil", "Put the book under the desk". Wewe fanya kitendo huku ukisema, wao wakufuate. Siku ya tatu sema bila kutenda uone nani anaelewa. Baadaye mtoto mmoja aje mbele atoe amri kwa wenzake.

Kisha zoeza masikio kutofautisha irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti nyingi zaidi za irabu, na hapa ndipo shida kubwa ya tahajia inapozaliwa. Mtoto asiyesikia tofauti ya "cap" na "cup" ataandika "cap" kote kote. Chora ubaoni kofia na kikombe. Ukisema "cap" wanyooshe mkono wa kushoto, ukisema "cup" wa kulia. Siku nyingine chora meli na kondoo kwa "ship" na "sheep", au kalamu na kikaango kwa "pen" na "pan". Watoto wakishasikia tofauti, wageuze: mtoto aseme, darasa linyooshe. Akinyoosha kila mtu mkono usiotarajiwa, anajua mwenyewe kwamba mdomo wake haujakaa sawa.

Fimbo na vibao vya aibu kwa anayekosea Kiingereza viondoke kabisa darasani. Lugha ya pili hujifunzwa kwa kukosea hadharani mara nyingi, na mtoto mwenye hofu hufunga mdomo. Wala usikataze Kiswahili. Kitumie kueleza jambo gumu, kisha rudi kwenye Kiingereza.

Hatua ya 3: Kutoka sauti za Kiswahili hadi maneno ya Kiingereza

Anza na vilivyo vyao. Konsonanti nyingi zina sauti ileile au inayokaribiana sana: b, d, f, k, l, m, n, p, s, t, v, w, z. "Sh" ya "shati" ndiyo ya "ship". "Ch" ya "chai" ndiyo ya "chair". "Th" ya "thelathini" ndiyo ya "think", na "dh" ya "dhahabu" ndiyo sauti ya "this" na "mother", ingawa Kiingereza huiandika kwa "th" vilevile. "Ng'" ya "ng'ombe" ndiyo inayomalizia neno "sing". Mtoto akigundua kwamba sauti zinazosemwa kuwa ngumu kumbe anazo, uso wake hubadilika. Kama mazingira yenu watoto hutamka "selasini" na "zahabu", rekebisha kwanza katika Kiswahili; itasaidia masomo mawili kwa mpigo.

Halafu yaje maneno ya herufi tatu, irabu moja moja, kwa mpangilio huu:

1. "i": "sit", "pin", "big".
2. "o": "pot", "dog", "hot".
3. "e": "pen", "leg", "ten".
4. "a": "man", "bag", "hat".
5. "u" mwishoni: "cup", "bus", "sun".

Nimeiweka "u" mwisho kwa makusudi. Sauti yake katika "cup" iko karibu na "a" ya Kiswahili, na mtoto akifundishwa "a" na "u" wiki moja atazichanganya mwaka mzima. Zitenganishe kwa majuma, kisha zilinganishe kwa mchezo wa kofia na kikombe.

Tatizo la pili ni mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo "bag" huwa "bagi" na "pot" huwa "poti". Dawa yake ni ya mwili: watoto wanyanyue mkono wakianza neno, wakifika konsonanti ya mwisho wafumbe ngumi. Ngumi ikifumba, sauti imekwisha. Kwa "map" na "cup" waambie midomo ibaki imefungwa, na upite ukiitazama.

Kuunganisha sauti fanya hivi. Andika "pin" kwa herufi kubwa zilizoachana. Gusa p, watoe sauti. Gusa i, watoe sauti. Gusa n, watoe sauti. Kisha pitisha kidole chini ya neno polepole bila kusimama, nao waburuze sauti pamoja na kidole chako. Rudia kwa kasi mpaka neno lisikike. Badilisha herufi moja: "pin" iwe "bin", "bin" iwe "bit", "bit" iwe "sit". Vizibo vya soda vilivyobandikwa karatasi zenye herufi ni kifaa kizuri kuliko chati ya bei ghali; kila benchi lipewe mfuko mmoja, watoto wajenge neno unalotaja.

Darasa likishamudu hayo, leta "e" ya mwisho isiyotamkwa. Hii ndiyo jibu la "na-me" na "ka-ke". Andika "cap", wasome. Ongeza "e", sema "cape". Fanya vivyo hivyo kwa "kit" na "kite", "hop" na "hope", "pin" na "pine". Waeleze kwa Kiswahili: "e" ya mwisho inakaa kimya, lakini inaifanya irabu iliyotangulia itaje jina lake la alfabeti. Wape wiki mbili za mazoezi, kisha ndipo uende kwenye jozi kama "ee", "oo", "ai", "ay", "ea". Herufi c, g, q na x zipewe kipindi chake kila moja, maana Kiswahili hakimwandai mtoto kukuta "cat" na "city" zikianza na herufi moja.

Yapo maneno yasiyofuata kanuni hizi, na bahati mbaya ndiyo yanayotumika zaidi: "the", "said", "was", "come", "one", "two", "who", "does". Mwaka 1936 Mmarekani Edward Dolch alikusanya orodha ya maneno 220 yanayojitokeza sana katika vitabu vya watoto, na orodha hiyo bado inafaa kukuongoza. Fundisha matano kwa wiki. Andika neno kwenye kadi ya manila au kipande cha boksi. Mtoto analitazama, analitamka, analifunika, analiandika kwa kumbukumbu, analifunua na kulinganisha. Kadi zibaki ukutani mwaka mzima, na kila siku mtoto mmoja apite na kijiti akizisomesha kwa kurukaruka, asizifuate kwa mpangilio.

Hatua ya 4: Kusoma kifungu cha habari kwa maana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vipindi vingi hupotea. Tuseme kifungu chako ni hiki, umekiandika kwenye chati kabla ya kipindi:

"Juma has a goat. The goat is black. One day it ran into the school garden. It ate all the cabbages. The teacher was angry. Juma said sorry and planted new cabbages."

Kabla ya kukifunua, zungumza. Uliza kwa Kiswahili: nani kwao wana mbuzi? Mbuzi akiingia bustanini hufanya nini? Halafu toa maneno manne mapya: "garden", "ate", "angry", "planted". Nenda dirishani uonyeshe bustani, igiza kula, kunja uso. Sasa funua mstari wa kwanza tu na uulize wanadhani nini kitatokea.

Soma kifungu chote mara moja, ukifuatisha kijiti chini ya kila neno. Soma tena, wao wakikufuata kwa sauti ndogo. Kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili kwenye benchi, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kidole. Hatua ya wawili wawili ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa darasa la watoto 80 linapata wasomaji 40 kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo. Iache, ni kelele ya kazi.

Tahadhari na kusoma kwa pamoja darasa zima. Watoto hushika wimbo wa kifungu wakakitoa chote macho yakiwa nje ya dirisha. Ujue ukweli kwa kugusa neno la katikati, kisha la mwisho, kisha la mwanzo, ukimwuliza mtoto mmoja. Asiyeweza kusoma "garden" likiwa peke yake alikuwa anaimba.

Maswali nayo yana mtego. "What colour is the goat?" mtoto hujibu kwa kutafuta neno "goat" na kunakili kinachofuata. Hata ungemwandikia "The gloop is dorp" na kumwuliza "What is the gloop?", angepata vema bila kuelewa chochote, maana maneno hayo hayapo duniani. Swali kama hilo liwe moja tu la kufungulia. Yanayofuata yahitaji kufikiri: "Why was the teacher angry?" "Why did Juma plant new cabbages?" "What would you do?" Jibu likija kwa Kiswahili lipokee, lisifu, kisha lijengeni pamoja kwa Kiingereza ubaoni. Ukilikataa, utakuwa umepima ulimi wakati ulitaka kupima ufahamu.

Hatua ya 5: Kuandika, kutoka neno hadi aya

Imla fupi iwepo kila siku: maneno matano ya wiki na sentensi moja. Watoto wabadilishane madaftari na kusahihisha kwa kutazama ubaoni. Haichukui muda, na inakuonyesha papo hapo sauti ipi haijashika.

Kisha jedwali la sentensi. Chora safu tatu: ya kwanza "My brother", "My friend", "Our teacher", ya pili "likes", "wants", "has", ya tatu "a red ball", "sweet mangoes", "a new bicycle". Kila mtoto atunge sentensi tano kwa kuchagua, halafu ya sita aongeze maneno yasiyo kwenye jedwali. Ile ya sita ndiyo unayoitafuta. Hapo mtoto anaanza kuandika kweli.

Hatua inayofuata ni kuandika pamoja. Chagua jambo ambalo darasa zima limeliona, mfano mvua iliyonyesha jana. Watoto waseme, wewe uandike, mkirekebisha kwa pamoja. Mkiwa na sentensi tano, futa maneno kadhaa, kila mtoto ajaze. Kesho yake futa zote, kila mtoto aandike aya yake kuhusu mvua ilivyokuwa nyumbani kwao. Darasa la Tatu sentensi tatu zinatosha. Darasa la Tano lenga aya mbili zenye mwanzo na mwisho.

Kuhusu kusahihisha, tazama sentensi ya aina hii, ambayo kila mwalimu ameikuta:

"My mother she is go to shamba and he carry jembe."

Kuna makosa manne au matano, na karibu yote yametoka Kiswahili. "She" imeongezwa kwa sababu katika "mama anaenda" kuna kiambishi a- kinachomrejelea mama. "He" imekuja kwa kuwa Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamke na mwanamume. "Is go" ni jaribio la kutafsiri -na-. "Jembe" halina "a" mbele kwa sababu Kiswahili hakihitaji kitu hapo. Lakini tazama pia kilichofanyika vizuri: wazo limekamilika, herufi kubwa iko mahali pake, nukta iko mwisho, vitendo viwili vimeunganishwa kwa "and". Mtoto huyu anaandika.

Ukimjazia daftari wino mwekundu hatajua aanze wapi. Chagua kosa moja kwa wiki kwa darasa zima. Wiki hii ni "he" na "she": piga mstari chini ya "he" yake, mengine yaache. Kwenye kipindi kinachofuata andika ubaoni sentensi tatu zenye kosa hilo bila kutaja mwenyewe, darasa lizirekebishe. Wiki ijayo shughulikia "she" inayorudia "my mother". Ya tatu, "goes" na "carries". Pia usikusanye madaftari 80 kwa siku moja. Kusanya ya safu moja leo, nyingine kesho. Ifikapo Ijumaa kila mtoto amepata jicho lako mara moja, na ameandikiwa angalau neno moja la kumtia moyo kuhusu alichokisema.

Kupanga kipindi na wiki

Katika kipindi cha dakika 40: dakika 5 za amri na michezo ya masikio, 10 za sauti na kadi za maneno, 15 za kusoma kifungu, 10 za imla au kuandika. Jumatatu na Jumanne kifungu kipya kipewe muda mwingi. Jumatano kaeni kwa makundi ya ngazi: wewe ukae na kundi la chini, makundi mengine yasome wawili wawili wakiongozwa na viongozi wao. Badilisha viongozi mara kwa mara. Alhamisi iwe ya kuandika pamoja, Ijumaa kila mtoto aandike chake na wachache wasome mbele.

Pa kupata vitu vya kusoma

Kitabu cha kiada peke yake hakitoshi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, unatoa hadithi bure mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiingereza zikiwemo. Chukua hadithi moja kwa lugha zote mbili: watoto waisome kwa Kiswahili leo, kwa Kiingereza kesho. Kwa kuwa maana wanaijua tayari, nguvu yote huenda kwenye maneno. Bila printa, nakili kwenye manila na watoto wachore picha.

Tengenezeni vitabu vyenu pia. Aya nzuri za Ijumaa zinakiliwe kwenye karatasi safi, zishonwe kwa uzi na zitundikwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba nyuma ya darasa. Watoto husoma kazi za wenzao kwa hamu kubwa. Nyumbani, waombe wazazi kitu kimoja tu: mtoto amsomee mtu mzima au kaka yake kwa dakika tano kila jioni, hata kama msikilizaji hajui Kiingereza. Maandishi ya Kiingereza kwenye paketi za sabuni, majani ya chai na biskuti yanafaa pia. Mwambie kila mtoto aje na neno moja alilolisoma jikoni.

Hatua ya 6: Pima tena

Kila baada ya wiki nane rudia kipimo cha mwanzo kwa aya na hadithi mpya, kisha panga makundi upya. Aliyepanda ahamishwe siku hiyohiyo. Kundi zima lisipopanda, tatizo liko kwenye mpangilio wako wa sauti. Rudi nyuma hatua moja, usingoje mtihani wa muhula wala upimaji wa Darasa la Nne ukuambie.

Mtoto mmoja mmoja asiyepanda, chunguza mambo haya kwa utaratibu. Mahudhurio yake yakoje kwenye daftari la mahudhurio? Anasoma aya ya Kiswahili? Akiwa benchi la nyuma anaona ubao? Mkalishe mbele wiki moja, mwandikie maneno makubwa uone kama kuna tofauti. Simama nyuma yake useme "ship" na "sheep" bila yeye kuona midomo yako, aonyeshe picha. Ukishuku macho au masikio, mwite mzazi, mweleze ulichokiona kwa mifano, na mwombe ampeleke mtoto kituo cha afya akapimwe. Wakati mnangoja majibu, aendelee kukaa mbele, na mwenzake wa benchi amsomee ubao kwa sauti ya chini.